Kutoka Boti ya Propela Kwenda Boti ya Jeti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina mbili: aliyekwisha kununua boti ya jeti na siku za mwanzo zimemwacha akikuna kichwa, na yule ambaye bado anaizunguka tu dukani. Wote wamezoea propela, nami nilitoka huko huko. Maswali ya usukani na gati yamepata nafasi kubwa kwa sababu ndiko mazoea ya zamani yanakomponza mtu. Mengine nimeyajibu kwa ufupi maana hayana mengi.

Jeti inaisukumaje boti kama hakuna propela?

Chini ya boti, karibu na tezi (sehemu ya nyuma ya boti), kuna tundu lililofunikwa kwa wavu wa vyuma. Maji huingia hapo. Ndani ya bomba kuna impela, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na injini, inayoyakamata na kuyasukuma nyuma, kisha mapanga yasiyozunguka huunyoosha ule msokoto, na maji hupitia nozeli nyembamba (mdomo wa bomba kwa nyuma) yakitoka kwa kasi kubwa kuliko yalivyoingia. Boti inakwenda mbele kwa sababu maji yametupwa nyuma, basi.

Wengi hudhani mfoko huo wa maji lazima upige maji yaliyo nyuma ya boti ndipo usukume. Sivyo. Nozeli inafanya kazi vizuri tu ikitema hewani, na jambo hilo lina historia yake. James Rumsey alikwisha kuonyesha boti ya pampu ya mvuke kwenye mto Potomac, Marekani, mwaka 1787, lakini wazo hilo lilikaa muda mrefu bila kuwa chombo cha mtu wa kawaida. Aliyelifikisha hapo ni Bill Hamilton wa New Zealand, miaka ya 1950. Alitaka kupanda mito ya kwao yenye maji mafupi, kasi kubwa na mawe kila mahali, ambako propela haidumu. Mashine zake za mwanzo zilitoa maji chini ya kitako cha boti. Alipoihamishia nozeli nyuma, juu ya usawa wa maji, kasi ikapanda. Mwaka 1960 boti za jeti zilipanda mto Colorado kupitia korongo la Grand Canyon, na mwaka 1977 Edmund Hillary, yule mpanda mlima Everest, alizitumia kupanda mto Ganges wa India.

Ukikumbuka kwamba chombo hiki kilizaliwa mtoni, kwenye kokoto, tabia zake nyingi zitakuelea.

Mbona omo (sehemu ya mbele ya boti) inahangaika kushoto na kulia nikienda polepole?

Kwa sababu hakuna kitu chini kinachoishika. Injini ya nje, ile ya propela inayofungwa nyuma ya boti, ina mguu mrefu uliozama, na mguu huo hufanya kazi ya usukani hata propela ikizunguka taratibu. Boti ya jeti ni laini pale chini. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, mfoko ni dhaifu, upepo mdogo tu unaisogeza omo, na usukani unajibu kwa kuchelewa.

Kuyumba kwenyewe ni kudogo. Kinachofanya kuyumba huko kuwe kukubwa ni mkono wa mwendeshaji. Omo inaelekea kushoto, unazungusha usukani kulia, haijibu, unaongeza tena, ghafla inajibu yote kwa pamoja na sasa iko kulia kupita kiasi. Dawa ni kuzungusha kidogo, kusubiri, na kutazama mbali badala ya kutazama omo. Iache icheze kidogo upande huu na huu. Ukiichukua kwa wastani, mstari wako umenyooka. Kuna watengenezaji wanaoweka mapezi pembeni ya nozeli ili boti itulie, na tofauti yake huonekana hasa ukiwa mwendo wa kutembea ndani ya bandari. Kwa boti isiyo nayo, mapezi ya kuongeza yanauzwa. Mimi ningeanza na mkono kwanza, mapezi baadaye.

Ni kweli kwamba ukiachia mafuta usukani unakufa?

Ni kweli, na kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Kwenye jeti, anayegeuza boti ni mfoko wa maji. Usukani unaizungusha nozeli, nozeli inaelekeza mfoko, tezi inasukumwa upande mmoja na omo inaelekea mwingine. Ondoa mfoko na usukani hauna cha kuelekeza. Boti itaendelea kule ilikokuwa inaelekea, hata ukizungusha usukani mpaka mwisho.

Sasa fikiria mtu aliyezoea propela. Ameona mtu majini, au gogo, au boti imemkatiza. Mkono wake unarudisha mafuta kabla akili haijasema lolote, na mkono wa pili unakata usukani. Kwenye injini ya nje angepata kona, si nzuri sana lakini kona. Kwenye jeti amejiondolea njia ya kukwepa na anateleza moja kwa moja kuelekea kile anachokiogopa.

Mazoea mapya ni haya: ukitaka kukwepa, geuza usukani na ubaki na mafuta, tena mara nyingine uongeze. Ukitaka kusimama, tumia rivasi kwa jinsi kitabu cha boti yako kinavyoruhusu. Boti nyingi za siku hizi zina mfumo unaoongeza wenyewe mzunguko wa injini mwendeshaji anapokata usukani baada ya kuachia mafuta. Unasaidia, lakini haukupi kona ile uliyoizoea.

Nenda mahali penye nafasi, tupa boya linaloelea, ulikimbilie kwa mwendo wa kati na ulikwepe kwa mafuta. Rudia mpaka mkono uache kupinga. Na kabla ya kumwachia mtu mwingine usukani, mweleze jambo hili kwanza. Asiyewahi kuendesha boti hunisumbua kidogo kuliko nahodha mzoefu wa propela, maana huyu wa pili ana hakika na mkono wake.

Inakuwaje boti haina gia ya bure?

Kwenye boti nyingi za jeti, impela imeunganishwa na injini moja kwa moja. Injini ikiwaka, impela inazunguka na maji yanavutwa. Ile inayoitwa bure ni ndoo ya rivasi, yaani kifuniko cha kuyakunja maji yarudi mbele, iliyoshushwa nusu nyuma ya nozeli, ili sehemu ya maji iende nyuma na sehemu irudi mbele, nguvu hizo mbili zikikaribiana. Hukaribiana tu. Boti itajikokota polepole mbele au nyuma, na omo itazunguka kadiri upepo unavyotaka.

Zipo zenye klachi au giaboksi, na zipo zinazorekebisha ndoo kwa umeme ili boti itulie zaidi. Vyovyote iwavyo, ukiwasha injini ukiwa umefungwa gatini, hakikisha kamba bado zimeshika. Kamba iliyoning'inia karibu na tezi ni ya kuogopa kuliko zote, kwa sababu maji yanavutwa hata kama wewe unadhani uko bure.

Rivasi inafanyaje kazi, na kwa nini yangu ni dhaifu?

Impela haibadilishi upande. Ndoo inashuka nyuma ya nozeli na kuukunja mfoko uelekee mbele, chini ya boti. Hakuna gia za kusaga meno, kwa hiyo unaweza kutoka mbele kwenda nyuma bila kungoja kama kwenye injini ya nje. Hilo ni raha ya kweli.

Udhaifu una sababu mbili. Kwanza, maji yaliyokunjwa yamepoteza nguvu nyingi njiani. Pili, yanaenda chini ya boti yakiwa yamechanganyika na hewa, karibu na tundu lile lile la kuvutia. Ukiongeza mafuta sana, impela inaanza kumeza povu na nguvu inapungua badala ya kuongezeka. Rivasi ya jeti inataka mafuta ya kiasi.

Usukani wakati wa kurudi nyuma unategemea muundo. Kuna ndoo inayogeuka pamoja na nozeli, na hapo tezi hufuata upande wa usukani kama ulivyozoea. Kuna ile iliyosimama nyuma ya nozeli na kuugawa mfoko katika njia mbili, na hapo omo ndiyo hufuata usukani, uwe unakwenda mbele au nyuma. Ukichukua mazoea ya aina moja kwenye aina nyingine, utagonga nguzo upande usioutarajia. Jua yako ni ipi ukiwa kwenye maji wazi.

Nifanyeje kuingia gatini bila aibu?

Anza kwa kusahau ule mvuto wa pembeni. Propela moja huivuta tezi upande mmoja, hasa kwenye rivasi, na manahodha wengi wamejifunza kuutumia kuisogeza tezi gatini. Jeti haina mvuto huo. Unayemsubiri akusogeze hayupo.

Kanuni ninayowafundisha wote ni geuza kwanza, kisha mafuta. Weka usukani upande unaoutaka ukiwa bado na mfoko mdogo, halafu toa mafuta kwa muda mfupi, kisha rudi chini. Boti inapata msukumo mmoja wenye mwelekeo. Ukitoa mafuta kabla ya kugeuza, msukumo wa kwanza unakupeleka mbele moja kwa moja, yaani ukutani.

Ingia ukielekeza omo kwenye upepo au mkondo, yoyote yenye nguvu zaidi siku hiyo. Boti ya jeti ni nyepesi chini na upepo unaichukua kwa urahisi, kwa hiyo ukiingia na upepo mgongoni utahitaji rivasi nyingi, na tumekwisha kuona rivasi ilivyo. Ning'iniza dapra (maboya ya kukinga ubavu wa boti) mapema. Mtu wa omo asishike kamba kwa namna itakayoanguka ikaelea nyuma.

Halafu kuna jambo ambalo propela moja hailiwezi. Weka ndoo katikati, usukani umekatwa kabisa, ongeza mafuta kidogo: mbele na nyuma zinapingana, lakini msukumo wa pembeni unabaki, na boti inazunguka karibu pale pale ilipo. Mwenye jeti mbili anaweka moja mbele na nyingine rivasi. Ukishaumudu ujanja huu, kona nyembamba za bandarini zinaacha kukutisha. Watu wengi wanaosema jeti haiingii gatini hawajawahi kuonyeshwa jambo hili.

Naweza kwenda kwenye maji mafupi kiasi gani?

Hapa ndipo majivuno ya jeti yalipo, na ndipo watu wanapoharibu pampu.

Boti ikishapanda juu ya maji kwa kasi, inahitaji kina kidogo sana, na hakuna mguu wa kugonga mwamba. Inapita juu ya fungu la mchanga ambako boti ya injini ya nje ingeiacha propela yake. Ila ikisimama, inazama kurudi kwenye kina chake, na tundu la kuvutia linakuwa karibu na chini. Ukiwasha injini hapo, pampu inavuta mchanga, kokoto na makombe. Vitabu vya watengenezaji hutaka kina cha sentimita 60 hadi 90 hivi chini ya boti kabla ya kuwasha. Soma chako kinasemaje na ukifuate.

Kwa hiyo ukienda ufukweni, zima injini ungali kwenye maji ya kutosha na uache boti iteleze. Kuondoka, isukume kwa mikono au kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia boti) mpaka maji yafike kiunoni, ndipo uwashe. Ni kazi, lakini impela iliyokwaruzwa na mchanga haijirudii.

Ukijikuta kwenye maji mafupi ukiwa tayari kwenye kasi, kupunguza mafuta ghafla ni kosa la kawaida: tezi inashuka na unakaa. Kama unaijua njia na hakuna mtu mbele, endelea hadi kwenye kina. Kama huijui, hukupaswa kuwa hapo kwa kasi hiyo.

Nitajuaje kwamba jeti imeziba?

Injini inapiga kelele zaidi na boti haiongezi mwendo. Mara nyingine kuna mtetemo chini ya miguu. Nyasi za baharini, mfuko wa plastiki, kipande cha kamba au jiwe lililokwama kwenye wavu, vyote hutoa dalili hizo hizo.

Usiendelee kulazimisha. Kwenye boti nyingi maji ya kupoza injini yanatoka kwenye pampu hiyo hiyo, kwa hiyo pampu iliyoziba inaweza kukuchomea injini. Zima. Mara nyingi mvuto ukiisha nyasi zinadondoka zenyewe, na ukiwasha tena mambo ni shwari. Zisipodondoka, boti nyingi za jeti zina tundu la kusafishia nyuma, linalofunguliwa bila kuzama majini. Kabla ya kutia mkono, toa ufunguo na kamba ya kuzimia injini, uviweke mfukoni mwako mwenyewe. Usimwachie mtu akushikie.

Wengi hujaribu rivasi wakidhani itatapisha uchafu, kama propela inavyofungua nyasi ikizungushwa kinyume. Haitapisha, kwa kuwa impela inaendelea kuvuta upande ule ule. Ipo mitambo ya karibuni yenye giaboksi ya kuizungusha impela kinyumenyume kwa kazi hii, na kwa mtu wa maji yenye nyasi nyingi hiyo inastahili bei yake. Kamba ni habari nyingine: inajisokota kwenye shafti, na inaweza kukulazimu kuvutwa hadi nchi kavu.

Kama maji yako yana nyasi ndefu kwa sehemu kubwa ya mwaka, baki na propela. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa jeti.

Kwa waogeleaji, jeti ni salama zaidi?

Hakuna propela iliyo wazi, na hilo ni jambo kubwa kwa familia yenye watoto wanaoruka na kupanda nyuma ya boti. Lakini mvuto wa tundu la chini unaweza kukamata nywele ndefu, nguo zilizolegea na kamba za jaketi. Mfoko wa nyuma nao una nguvu ya kumuumiza mtu vibaya ndani ya mwili akiwa karibu na nozeli. Ngazi na jukwaa la kuogelea viko juu ya nozeli kabisa, kwa hiyo injini izimwe kabla mtu hajakaribia nyuma. Bure haitoshi.

Inakula mafuta zaidi?

Kwa mwendo mdogo na wa kati, ndiyo, na utaona. Propela husukuma maji mengi kwa kasi ndogo, jeti husukuma maji machache kwa kasi kubwa, na njia ya kwanza hupoteza nguvu kidogo boti ikiwa haiendi mbio. Mwendo ukipanda pengo linapungua, na ukipita noti 30 hivi (maili 30 za baharini kwa saa) jeti inasimama bega kwa bega na propela. Ndiyo maana feri za mwendo kasi na boti nyingi za doria hutumia jeti. Kwa mtu anayezunguka taratibu siku nzima, hesabu haimpendelei.

Kelele je?

Ipo. Injini nyingi za boti ndogo za jeti zimetokana na zile za pikipiki za majini na huzunguka kwa kasi kubwa. Mzunguko wa 7,000 au zaidi kwa dakika ni kawaida kwa nguvu kamili. Mtu aliyezoea injini ya nje ya kisasa hudhani kuna kitu kinaharibika. Masikio huzoea. Mazungumzo kwenye viti vya nyuma hayazoei.

Inaondokaje, na inashikaje kwenye mawimbi?

Kuondoka ni kutamu. Jeti inajibu papo hapo na kwa kawaida hakuna haja ya kurekebisha pembe ya injini, jambo ambalo wengine hulikosa baadaye wanapotaka kuinua omo. Kona za kasi ni kali kuliko unavyotarajia, waambie abiria washike.

Kwenye mawimbi, tundu likitoka majini pampu inameza hewa, mzunguko wa injini unaruka juu, msukumo unakatika, na kwa sekunde hiyo usukani nao haupo. Punguza mwendo ili kitako kibaki majini. Kwa bahari yenye mawimbi mafupi yaliyosimama, boti nzito ya propela inanipa usingizi bora.

Injini iko ndani ya boti. Kuna la kuzingatia?

Mvuke wa petroli. Injini ya nje inakaa hewani, ya jeti imefungiwa chini ya kifuniko. Mvuke ni mzito kuliko hewa na unajikusanya kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti. Washa feni ya kutoa mvuke kwa dakika 4 au zaidi kabla ya kuwasha injini, na kila baada ya kujaza mafuta fungua kifuniko na unuse kwa pua yako. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote.

Angalia pia maji ndani ya ngama kila mara. Shafti inapita kwenye bodi na sili yake huisha. Nguruzi nayo, kizibo cha tundu la kutolea maji, usiisahau. Hilo halihitaji jeti ili liwe balaa.

Naisafishaje baada ya maji ya chumvi?

Kwa kuunganisha mpira wa maji kwenye tundu maalumu, lakini mpangilio wake ni kinyume cha wanavyofanya wenye injini za nje. Washa injini kwanza, ndipo ufungue maji. Ukimaliza, funga maji kwanza, ndipo uzime injini, baada ya kuongeza mafuta kidogo ili maji yaliyobaki kwenye ekzosi (bomba la moshi) yatoke. Ukifungua maji injini ikiwa imezimwa, hayasukumwi nje na ekzosi; yanajaa na yanaweza kurudi hadi kwenye silinda. Injini ya namna hiyo hutengenezwa kwa pesa nyingi.

Kati ya kuwasha na kufungua maji zipite sekunde chache tu, kwa sababu ekzosi inapozwa kwa maji hayo.

Naweza kuiacha ikielea msimu mzima?

Ningekataa, hasa baharini. Injini ya nje unaiinua juu ya maji. Pampu ya jeti inabaki imezama. Viumbe vya baharini hujishikiza ndani ya bomba, kwenye wavu na kwenye impela, na tabaka jembamba tu linapunguza mwendo. Kuna anayepaka rangi ya kuzuia viumbe hao bila kusoma kopo: rangi yenye shaba haipaswi kugusa pampu ya alumini, kwani metali hizo mbili zikiwa kwenye maji ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa. Anodi za zinki, vipande vinavyoliwa badala ya pampu, zikaguliwe na zibadilishwe kabla hazijaisha. Trela au jukwaa la kuinulia boti ndiyo makazi yake.

Impela inaisha?

Inaisha, na ringi inayoizunguka pia. Uwazi kati yao unapaswa kuwa mwembamba sana, chini ya milimita 1. Mchanga unaupanua, maji yanarudi nyuma kupitia pembeni, na dalili ni kama klachi ya gari iliyokwisha: mzunguko unapanda, mwendo haufuati. Kwenye pampu nyingi ringi hubadilishwa peke yake, na mara nyingi hiyo inatosha kurudisha mwendo wa zamani.

Inafaa kwa uvuvi na kuvuta watu majini?

Kuvuta mtu kwenye ski au mpira wa kuelea, vizuri sana. Uvuvi wa kukokota ndoano polepole kwa saa nyingi ni mateso: omo haitulii na mafuta yanakwenda. Mvuvi wa mito yenye mawe ana hoja tofauti, huyo jeti ilitengenezwa kwa ajili yake.

Naweza kuweka jeti kwenye injini yangu ya nje?

Ipo pampu inayofungwa badala ya mguu wa chini. Tegemea kupoteza karibu asilimia 30 ya nguvu, na injini ipandishwe juu zaidi kwenye tezi. Inamfaa mtu wa mto wenye maji mafupi. Kwa mwingine ni gharama bila sababu.

Nikinunua iliyotumika, nitazame nini kwanza?

Lala chini uitazame impela kupitia wavu kwa tochi. Kingo za impela zinapaswa kuwa zimenyooka, zisizopinda wala kukatika meno. Mikwaruzo ya duara kwenye ringi inaonyesha mchanga umepita. Shika nozeli na ndoo uzitikise, kisha mtu azungushe usukani huku ukitazama kama kuna mlegeo. Muulize mwenye nayo anavyoisafisha baada ya chumvi, na usikilize ni kipi anakitaja kwanza, maji au injini. Fungua kifuniko utazame mstari wa maji kwenye kuta za ngama.

Kisha omba kwenda nayo majini, na usiridhike na mbio za dakika chache kwenye maji tulivu. Linganisha mzunguko wa juu wa injini na ule uliotajwa kwenye kitabu chake, tena uangalie kama mwendo unaendana nao. Jaribu rivasi, jaribu kuizungusha pale pale, na uiendeshe taratibu upepo ukiwa ubavuni. Mwenye boti akikataa majaribio hayo, iache.